Uvimbe wa maji kuzunguka gego la mwisho lililokwama: nitautofautishaje, na upi nisiuguse hapa kituoni?

Tabibu wa Wilaya:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wenu, hasa mnaopasua taya.

Mgonjwa ni kijana wa kiume wa miaka 24. Ana uvimbe usiouma kwenye kona ya taya la chini, upande wa kushoto. Jino namba 38 (gego la mwisho la chini kushoto) halijaota. 37, jirani yake wa mbele, lipo, halijatoboka, halilegei. Ngozi ya nje iko sawa, mdomo wa chini hauna ganzi, tezi za shingoni hazijavimba. Picha ya OPG (eksirei ya mataya yote) aliyopigwa mkoani inaonyesha 38 limelala chini kabisa, karibu na ukingo wa taya. Taji lake limezungukwa na eneo jeusi la mviringo, chumba kimoja, lenye mstari mweupe pembeni, upana kama sentimita 3. Mzizi wa nyuma wa 37 umelika kidogo.

Nadhani ni sisti ya dentijerasi, yaani kifuko cha maji kinachozunguka taji la jino lililokwama. Naomba kujua nitaitofautishaje na vivimbe vingine vinavyofanana nayo kabla ya kushika kisu, kama inafaa kuitoa hapa wilayani kwa ganzi ya kawaida, na nikishaitoa niipelekeje maabara. Mara ya mwisho kituo chetu kilirudishiwa kopo likiwa na maelezo kwamba nyama haifai kusomwa.

Mpasuaji Taya:

Dokta, umeeleza vizuri, na wazo lako la kwanza lina msingi. Ukiondoa sisti inayoanzia kwenye ncha ya mzizi wa jino lililokufa, dentijerasi ndiyo sisti ya meno tunayokutana nayo zaidi. Hupenda gego la tatu la chini, kisha chonge la juu, na wagonjwa wengi wako kati ya miaka 10 na 30. Maji hujikusanya kati ya taji na utando uliobaki baada ya enameli kukamilika, presha inapanda, na mfupa unalika taratibu. Utando wa kawaida unaozunguka jino ambalo halijaota huonekana kwenye picha kama mstari mweusi usiozidi milimita 3 hivi. Ukifika milimita 5 na zaidi, hasa ukiwa mpana upande mmoja, fikiria sisti. Sentimita 3 haina mjadala.

Ila usiingie chumba cha upasuaji kwa uhakika wa picha peke yake. Angalia kwanza mahali mstari mweupe unapokutana na jino. Dentijerasi hushika shingoni, pale enameli inapoishia. Mstari ukishuka na kumeza nusu ya mzizi, weka mashaka, ingawa dentijerasi kubwa nayo inaweza kuonekana imelizunguka jino lote. Kisha angalia umbo. Keratosisti, sisti inayojaa keratini (protini ngumu kama ya kucha), hutambaa ndani ya mfupa kwa urefu: unaweza kukuta imeanzia gego la kwanza hadi karibu na sikio huku uso wa mgonjwa haujavimba kiasi hicho. Ameloblastoma, uvimbe unaotokana na chembe zinazotengeneza meno, hutanua mfupa upande wa shavu na upande wa ulimi, na hula mizizi ya jirani kama iliyokatwa.

Linalonitia wasiwasi kwa mgonjwa wako ni umri na mahali. Ameloblastoma ya chumba kimoja huwapata vijana wa umri huohuo, kwenye gego hilohilo, na kwenye picha huwezi kuitenga na dentijerasi. Kulika kwa mzizi wa 37 hakuamui, maana zote mbili hula mizizi. Na hapa kwetu ameloblastoma ndiyo inayoongoza kati ya vivimbe vinavyotokana na chembe za meno, kwa hiyo usiiweke mwisho wa orodha.

Pima uhai wa 37 kwa baridi, ulinganishe na 47, mwenzake wa upande wa kulia. Sisti ya dentijerasi haiui jino la jirani. Kama 37 limekufa, huenda unatazama sisti ya mzizi wake iliyoshuka na kulifunika taji la 38, na hapo matibabu ni mengine kabisa.

Halafu vuta maji. Hili usiliruke hata siku moja. Piga ganzi, chagua mahali mfupa umekuwa mwembamba kiasi kwamba ukibonyeza unalia kama gamba la yai, kisha ingiza sindano nene, namba 18, ikiwa kwenye bomba la ml 5 au 10. Sindano nyembamba hukudanganya, kwa sababu ujiuji mzito haupiti humo na utaandika kwamba hakuna kitu. Kama mfupa bado mgumu, usisukume kwa nguvu, maana sindano itapinda au itakatika. Toboa kwanza kwa drili ndogo huku ukimwagia maji ya chumvi.

Ukipata maji ya njano iliyopauka, yanayometameta chembe ndogo ukiyaelekeza kwenye mwanga, hizo ni chembe za kolesteroli, na inaelekea ni sisti ya kawaida. Ukipata ujiuji mweupe mzito wenye chembechembe, ni keratini, fikiria keratosisti. Usaha unakuambia kuna maambukizi tu, haukuambii ni uvimbe gani. Bomba lisipovuta chochote baada ya kujaribu sehemu mbili, huenda ni nyama ngumu: simamisha kazi, kata kipande kidogo cha kipimo, usitoe jino. Na damu nyekundu ikiingia kwa kasi hadi inasukuma bomba yenyewe, chomoa, bana na gozi kwa dakika kadhaa, usifungue kitu, toa rufaa. Mishipa ya damu iliyofumuka ndani ya taya ikifunguliwa kwa bahati mbaya, mgonjwa anaweza kufia kwenye kiti.

Picha na Mwanga:

Naongezea upande wa picha, kwa sababu wilaya nyingi hazina OPG na mgonjwa hana nauli ya kwenda na kurudi mkoani. Mashine ya kawaida ya eksirei inatosha kwa mwanzo. Piga taya kwa mshazari: kaseti (sahani ya filamu) ishikwe kwenye shavu la upande unaoumwa, mgonjwa anyooshe shingo na kuinua kidevu ili uti wa mgongo usifunike kona ya taya, mwale uingie kutoka chini ya taya la upande wa pili ukielekea juu kwa digrii 25 hivi. Upande mzima kuanzia magego hadi karibu na kiungo cha taya utaonekana. Ongeza picha ya uso kutoka nyuma kwenda mbele, maana hiyo ndiyo inayoonyesha kama mfupa umetanuka kwa ndani au kwa nje. Ile ya mshazari haikuonyeshi hilo.

Siti skani iombwe pale ambapo jibu litabadilisha upasuaji: jino limekaa juu ya mfereji wa neva, ukingo wa chini wa taya umebaki mwembamba, au sisti ya juu imeingia kwenye uwazi wa shavu. Mgonjwa huyu ana mawili ya kwanza.

Darubini:

Nasoma vipande hivi kila wiki, kwa hiyo nitajibu swali la kopo.

Tumieni formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, iliyowekewa bafa ili isiwe tindikali. Ujazo uwe angalau mara 10 ya nyama yenyewe. Kopo liwe na mdomo mpana: nyama huingia ikiwa laini kwenye chupa ya mdomo mwembamba, ikishakakamaa haitoki bila kuraruliwa. Maji ya chumvi hayahifadhi kitu, na spiriti hukausha utando hadi tabaka zake hazisomeki. Nyama iingie kwenye formalini papo hapo mezani, isisubiri mwisho wa zamu. Ikikaa saa 24 hadi 48 inafaa kusafirishwa, ila iandikwe saa iliyotolewa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuleta jino bila kifuko, au kifuko kilichobanwa na koleo hadi utando umepondeka. Shikeni pembeni, kwenye nyama nene, au pitisheni uzi na kuvuta kwa uzi. Kifuko kikitoka kimeshikilia shingo ya jino, msikitenganishe, leteni hivyohivyo, kwa sababu mahali kilipoganda ni sehemu ya jibu. Kabla ya kukiweka kwenye kopo, pitisheni kidole kwa ndani. Palipo na uvimbe mdogo au unene ukutani, wekeni alama ya uzi. Mara nyingi ameloblastoma imejificha kwenye kinundu hicho na kuta nyingine zote zinaonekana kama sisti ya kawaida. Ndiyo maana kipande kimoja cha kipimo kikisema "dentijerasi", lichukulieni kama jibu la muda hadi kifuko kizima kisomwe.

Karatasi ya maombi iwe na umri, jinsia, namba ya jino, ukubwa, rangi ya maji yaliyovutwa, na kama kuna maambukizi. Hilo la mwisho lina uzito. Utando wa dentijerasi ni mwembamba, tabaka 2 hadi 4 za seli. Ule wa keratosisti una tabaka 6 hadi 8, uso wenye mawimbi, na seli za chini zimejipanga mstari mmoja. Usaha ukiingia, sura hizo zote hufutika na keratosisti inaweza kusomeka kama sisti yoyote. Tukijua kulikuwa na usaha, tunakata vipande vingi zaidi kutafuta sehemu iliyosalimika. Nakala ya picha ikiambatanishwa, mmetusaidia sana.

Kuna vivimbe vingine adimu vinavyofanana na hizi, navyo huja na jino lililokwama. Sisti yenye keratini kamili isiyo na kiini cha seli juu yake hukaa sana na gego la mwisho, lakini hairudi kwa ukaidi wa keratosisti, na ndiyo maana uainishaji wa WHO wa 2017 uliitenga. Mwaka huohuo keratosisti yenyewe ilirudishwa kundi la sisti, baada ya kuitwa uvimbe tangu 2005. Ipo pia sisti yenye kalsiamu, iliyoelezwa na Gorlin na wenzake mwaka 1962: seli zake hufa zikabaki maganda matupu, na kwenye picha unaona punje nyeupe ndani ya weusi. Na kwa msichana mwenye chonge la juu lililokwama, weusi ulioshuka chini ya shingo ya jino na punje ndogo nyeupe ndani yake, andikeni kwenye fomu kwamba mnafikiria adenomatoidi, uvimbe mpole wa chembe za meno. Hiyo hubanduka kirahisi na kurudi kwake ni nadra mno, kwa hiyo msichana asikatwe taya kwa hofu ya ameloblastoma.

Tabibu wa Wilaya:

Asanteni sana wakuu. Nimerudi na majibu. 37 liko hai, linahisi baridi sawa na 47. Nimevuta ml 4 za maji ya njano, yanameremeta. Hospitali ya rufaa iko mbali na kijana anaomba amalizwe hapahapa. Je, nifungue na kutoa vyote, au nifungue dirisha tu maji yatoke?

Mpasuaji Taya:

Kutoa vyote kwa huyu usifanye hapo. Jino liko ukingoni, mfupa uliobaki chini yake ni mwembamba, na taya likivunjika unahitaji bamba, skrubu na nusukaputi. Kwa ganzi ya kawaida, kubandua kifuko na kutoa jino hapohapo kunafaa kwa sisti ndogo, mfano isiyozidi sentimita 2, iliyo mbali na neva, yenye mfupa mzuri chini yake.

Kufungua dirisha kunawezekana wilayani, na kwa huyu ni chaguo zuri hata kule rufaa. Njia hii ni ya mpasuaji Partsch, aliyeieleza tangu 1892, na bado inaokoa mataya. Presha ikishatolewa, mfupa hujaa kutoka pembeni, sisti inasinyaa, jino linasogea juu na kuachana na neva, na upasuaji wa pili unakuwa mdogo. Wasiliana kwanza na daktari wa rufaa, mkubaliane nani ataumaliza, kwa sababu dirisha ni nusu ya matibabu. Ukikosa wa kumaliza, usianze.

Piga ganzi ya neva ya taya la chini na ya shavu, lignokeini ya asilimia 2 yenye adrenalini. Fungua nyuma ya 37, upande wa shavu, pale mfupa ulipo mwembamba zaidi. Usielekee upande wa ulimi, neva ya ulimi ipo pale. Ondoa duara la fizi na mfupa lenye upana wa sentimita 1 au zaidi. Dirisha dogo kuliko hilo hujifunga ndani ya siku chache. Kata na kipande cha ukuta wa sisti, kiende kwenye formalini. Chungulia ndani kwa taa: ukiona kinundu, chukua kipande chake pia. Osha kwa maji ya chumvi hadi yatoke meupe. Shona ukingo wa utando kwenye fizi ukiweza kuufikia.

Kisha weka mrija. Kipande cha katheta ya mpira au mrija wa kulishia puani kinafaa, ukikikata matundu mawili ubavuni. Ncha ya ndani isiguse ukuta wa upande wa pili, ncha ya nje iwe sawa na fizi ili asiing'ate, na ifungwe kwa uzi wa hariri 2-0 kwenye fizi na kwenye 37. Anayeweka gozi yenye dawa badala ya mrija aibadilishe kila wiki, na ahesabu gozi inayoingia na inayotoka.

Mfundishe kijana kuosha mwenyewe mbele yako kabla hajaondoka. Bomba la ml 20 lenye ncha butu, maji ya chumvi safi, mara tatu kwa siku, kila baada ya chakula, hadi mabaki yaache kutoka. Asiyeosha hurudi na usaha, na sisti yenye usaha hushikamana na mfupa hadi kuibandua inakuwa kazi ya kukwangua. Mrija ukitoka usiku aje asubuhi, asingoje tarehe ya kliniki.

Piga picha kila baada ya miezi 3, pembe ileile. Kwa ukubwa huu kawaida inachukua miezi 6 hadi 12. Mfupa ukishaongezeka chini ya jino, rufaa wanatoa kilichobaki pamoja na 38, na kifuko chote kinasomwa upya. Kama kipimo chako cha kwanza kikirudi na jibu la ameloblastoma, mpango huu unasimama na mgonjwa anaondoka wiki hiyohiyo.

Baada ya kutolewa kabisa, ale vyakula laini kwa wiki 4 hadi 6: uji, ndizi za kupondwa, wali bokoboko. Asitafune miwa wala mahindi ya kuchoma. Taya huvunjika nyumbani, wiki ya pili au ya tatu, mgonjwa akishasahau maumivu. Mwambie pia kabla hajasaini kwamba mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi.

Meno ya Watoto:

Naomba atakayesoma uzi huu asihamishie yote kwa mtoto. Kwa watoto sisti hizi hukaa sana kwenye meno yanayotakiwa kuota: gego dogo la chini chini ya jino la utoto lililooza na kufa, au chonge la juu. Hapo mara nyingi tunang'oa jino la utoto, tunafungua kupitia tundu hilohilo, tunaweka mrija, na jino la kudumu linaota lenyewe kama mzizi wake haujafunga na lina nafasi ya kupita. Kung'oa jino la kudumu la mtoto wa miaka 9 kwa sababu tu limo ndani ya sisti ni kumnyima jino bure. Nafasi ishikiliwe kwa waya, la sivyo majirani wataiziba.

Uvimbe wa rangi ya bluu juu ya fizi, jino likiwa karibu kutokeza, ni sisti ya kuota. Mara nyingi inapasuka yenyewe. Iacheni, isipokuwa ina usaha au inamzuia mtoto kula.

Na taya la mtoto likivimba kwa siku au wiki, meno kadhaa yakalegea kwa pamoja, mstari mweupe unaozunguka mizizi ukatoweka kwenye picha, msivute maji wala kung'oa meno. Hiyo ni limfoma ya Burkitt (saratani ya seli za kinga) hadi ithibitike vinginevyo. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto wa Uganda, na bado tunayo ukanda huu. Inatibika kwa dawa, na inakua haraka mno kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Aende na kipimo cha nyama hospitali yenye matibabu ya saratani ya watoto.

Mwenye sisti nyingi kwa wakati mmoja naye atazamwe mwili mzima. Keratosisti mbili au zaidi kwa kijana: uliza ukoo, kagua ngozi, piga picha ya kifua uone mbavu zilizogawanyika. Huo ni ugonjwa wa Gorlin, wa kurithi. Meno mengi yaliyokwama, ya ziada, pamoja na mabega yanayoweza kukutanishwa mbele, ni kasoro ya mifupa ya kuzaliwa inayogusa mitulinga (mifupa ya juu ya kifua hadi begani) na fuvu.

Tabibu wa Wilaya:

Nimezungumza na rufaa, wamekubali kumpokea baada ya dirisha. Swali la mwisho: maabara ikisema keratosisti, dirisha linabaki?

Mpasuaji Taya:

Linabaki, nayo husinyaa vizuri, na utando wake huwa mnene na rahisi kubandua. Tofauti iko kwenye kumalizia. Kubandua peke yake hakutoshi, kwa sababu mabaki madogo na vifuko watoto hubaki kwenye mfupa na kwenye fizi iliyo juu yake. Rufaa watasaga mfupa wa pembeni milimita 1 hadi 2, watakata fizi ya juu ilipogusana na sisti, kisha watapaka dawa. Wengi hutumia Carnoy, dawa ya kuunguza mabaki ya seli, kwa dakika 3, neva ikiwa imekingwa. Vituo vingi vimeacha fomula yenye klorofomu kwa sababu ya hatari ya saratani. Wengine huweka gozi yenye krimu ya 5-fluorourasili (dawa ya kuua seli zinazokua) ya asilimia 5 na kuitoa baada ya saa 24.

Dentijerasi nikishaona mfupa umejaa, kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili, namruhusu. Keratosisti, picha kila mwaka kwa miaka 5 ya mwanzo, kisha kwa vipindi virefu zaidi, kwa sababu zipo zinazorudi baada ya miaka 10. Chukua namba ya simu ya kijana na ya ndugu mmoja, uziandike kwenye faili leo.